Kombati Umerudisha, Miaka Hukurudisha

Vuteni mikeka karibu. Barua ya leo si ya wifi aliyekopa sufuria akaota nayo mizizi, wala ya bwana anayelala na simu chini ya mto. Hizo zimejaa kapu zima na zamu yao inakuja. Hii imetoka Misugusugu, hapa hapa Kibaha, pale kwenye barabara ya Morogoro malori ya kwenda Zambia na Kongo yanaposimama kukaguliwa na mama lishe wanapojipatia riziki. Jina la mwandishi silitaji, na mawili matatu nimeyabadilisha, maana mitaa yetu mnaijua. Ukisema tu "yule binti wa nyumba yenye mwembe", watu wameshafika mlangoni kupiga hodi.

Anasema hivi:

"Dada, shikamoo. Nilienda JKT kwa kujitolea, nikabahatika kuchaguliwa kuingia jeshini. Ukuruta nilimalizia Kihangaiko, nikala kiapo, nikapangiwa kikosi. Mwaka wangu wa sita lori letu lilipinduka tukitoka mazoezini. Wenzangu walitoka na michubuko, mimi nikaumia uti wa mgongo. Nimelazwa, nimepasuliwa, nimepewa kazi nyepesi za ofisini, mwishowe bodi ya madaktari ikaona siwezi kuendelea. Nikarudisha vifaa, nikasaini, nikapanda basi nikaja kwa mama. Hapa mtaani nimesema niko likizo. Dada, likizo yenyewe inaingia mwaka wa pili. Wapo wanaosema nilipata mimba nikafukuzwa, wapo wanaosema nilitoroka. Picha yangu ya siku ya kiapo nimeifunga kwenye kitenge na kuitia chini kabisa ya sanduku. Juzi kwenye harusi ya binamu yangu emsii kawaita wanajeshi wetu wasimame wapigiwe makofi. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza, nisimame. Sikusimama. Sikujua kama bado nahesabika. Wenzangu wako Afrika ya Kati kulinda amani, wanaweka picha kwenye status na bereti za bluu. Mimi nikiinama kufagia uwanja, nanyanyuka kwa kushika ukuta. Nijivunie nini? Na je, niombe kazi ya ulinzi? Maana kila mtu ananiambia hiyo ndiyo inayonifaa."

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Na nikupe pole nyingine kwa hiyo likizo, maana kulinda uongo usiku na mchana mwaka na zaidi, bila wa kukupokea zamu, ni lindo zito kuliko yote uliyowahi kupangiwa.

Nianze na harusi. Ulitakiwa kusimama. Kama mgongo ulikuwa unauma, ungenyoosha mkono ukiwa umekaa, na makofi yangekufikia hapo hapo. Emsii hakuwa na orodha ya walioko kazini, na katika harusi zetu sijawahi kuona mtu anakaguliwa kitambulisho kabla ya kupigiwa vigelegele. Unasema hukujua kama unahesabika. Hebu tuhesabu basi, tuone.

Mimi nina baba mdogo ambaye alikuwa mgambo wa kijiji. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia Kagera, na Mwalimu Nyerere alipotangaza tarehe 2 Novemba kwamba tunakwenda kumpiga, baba mdogo alikuwa kijana wa kulima mihogo. Jeshi letu wakati ule lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Kwa muda wa wiki chache likapanuka mpaka likapita 150,000, ukiwajumlisha mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Yeye alikuwa miongoni mwa hao waliojumlishwa. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, katikati ya mwaka vita vikaisha, naye akarudi kwenye mihogo yake. Ukipiga hesabu, utumishi wake wote haukutimiza mwaka. Sikio la kushoto alirudi nalo likiwa halisikii kitu, na mpaka leo mjukuu akitaka hela ya maandazi anajua lazima azungukie upande wa kulia.

Sasa niambie, umewahi kusikia mtu akimwuliza mzee kama huyo alitumikia miaka mingapi? Msibani anapewa kiti. Kwenye mkutano wa kijiji anatajwa kuwa ni mzee wetu aliyepigana Kagera, na wenye kelele wananyamaza. Hakuna anayesema, "Huyu si mwanajeshi, alikwenda miezi tu akarudi." Wewe una miaka sita. Umepiga kwata juani, umekesha lindo kwenye mvua ya masika, umeamshwa usiku wa manane kwa filimbi ukaenda na buti moja halijafungwa kamba. Halafu unaniuliza kama unahesabika!

Najua utakachosema. Utasema baba yako mdogo alikwenda vitani, mimi nilipinduka na lori. Nadhani hapa ndipo penye kidonda chenyewe, kuliko hata mgongo. Unaona kwamba kuumia kwenye mapambano ni heshima, na kuumia mazoezini ni bahati mbaya tu, kama mtu aliyeteleza bafuni.

Siku ukienda Dar es Salaam, shuka Posta, tembea mpaka pale kwenye barabara ya Samora penye sanamu ya askari ameinama mbele na bunduki yenye singe. Watu wa zamani wanapaita Bismini. Sanamu ile imesimama pale tangu 1927, na iliwekwa kuwakumbuka Waafrika waliotumikia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari pamoja na wapagazi. Wapagazi ndio waliobeba risasi, unga na majeruhi kwa miguu kutoka pwani mpaka bara. Kambi yao Dar es Salaam ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo. Na waliokufa kati yao, wengi hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na nimonia, na njaa. Wazee wale walikufa kwa magonjwa na uchovu, na sanamu ni yao vilevile.

Tena tusiende mbali hivyo. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha yalilipuka Mbagala. Februari 2011 yakalipuka Gongo la Mboto. Hapakuwa na adui hata mmoja siku zile mbili, na watu walikufa, na nyumba zikabomoka. Jeshi ni kazi ya hatari hata siku ya amani. Anayeingia ndani ya lile lori kwenda mazoezini anaingia kwa amri, akiwa kazini, kwa ajili yetu sisi tuliobaki tunakaanga chapati. Lori likipinduka, aliyeumia ameumia kazini. Usijipunguzie thamani kwa sababu tu hakukuwa na Amin upande wa pili.

Halafu kuna jambo linaloniudhi, na leo nitalisema. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu ilishambuliwa kule Semuliki, mashariki ya Kongo. Miili 14 ya vijana wetu ikaagwa Dar es Salaam, nchi nzima ikalia, na ilistahili kulia. Lakini usiku ule ule walijeruhiwa wengine zaidi ya 40. Wale walikwenda wapi? Waliopona vizuri walirudi kikosini. Ambao miili haikurudi kama ilivyokuwa, wako mitaani kwetu. Miaka minne kabla ya hapo, Julai 2013, tulipoteza vijana 7 Darfur, Sudan, na majeruhi walikuwa wengi kuliko waliokufa. Sisi raia tunajua kumheshimu mwanajeshi akiwa amesimama kwenye gwaride, na tunajua kumheshimu akiwa ndani ya jeneza lenye bendera. Aliyeko katikati, anayetembea kwa kushika ukuta, hatujui tumweke wapi. Hilo ni kosa letu sisi, mdogo wangu. Usilibebe wewe, mgongo wenyewe huo haufai kubeba kitu.

Tuje kwa majirani.

Umbea wa mimba na wa kutoroka umekua kwa sababu umeuachia shamba halafu hukulima. Mtu akiona binti aliyekuwa anarudi likizo na begi la kijani, mgongo umenyooka kama mlingoti, leo yuko nyumbani mwezi wa ishirini na hasemi kitu, atajitungia. Na kwetu huku mwanamke akirudi kutoka popote, iwe shule, Oman au jeshini, jambo la kwanza watu wanatazama tumbo. Wanaume wakirudi wanaulizwa kama wamekuja na hela. Ndivyo tulivyo. Na nikwambie kwa pembeni, hata ingekuwa kweli ni mimba, bado miaka uliyotumikia ingekuwa miaka. Lakini si mimba, kwa hiyo usikubali kuvishwa nguo isiyo yako.

Dawa yake ni sentensi moja fupi. "Nilikuwa jeshini, nikaumia mazoezini, nimestaafishwa kwa sababu za kiafya." Basi. Usiseme kwa kunong'ona, usiseme ukitazama chini, wala usiongeze mkia. Akikuuliza, "Mh, uliumiaje?" mwambie lori lilipinduka. Akiuliza kikosi gani, mlikuwa wangapi, mlikuwa na silaha gani, hapo unajua mwenyewe mdomo unafungwa wapi, ulifundishwa. Jifunze kuisema sentensi hiyo ukiwa peke yako mpaka isikutetemeshe. Kisha chagua pa kuisema mara ya kwanza. Mimi ningechagua dukani, saa ya jioni, watu wanapopima mafuta ya taa na kununua dagaa. Utaisema kwa mtu mmoja na kabla hujafika nyumbani na dagaa zako Misugusugu nzima itakuwa inayo, mpaka Visiga. Umbea unakimbia, kwa hiyo upe mzigo wa kweli ubebe.

Ila kabla ya dukani, anza na mama. Kwenye barua yako umeandika kwamba mama alikukanyaga mguu usimame, ukapita haraka haraka. Mimi nilisimama hapo nikasoma tena. Mama anayemwonea mtoto wake aibu hamkanyagi mguu asimame mbele za watu. Mama yako anajivunia, na huo uongo wa likizo anausema kwa sababu yako, si kwa sababu yake. Mtu mzima wa watu, pengine anapitia njia ya nyuma kwenda kanisani au msikitini asikutane na mwenye maswali. Kaa naye usiku mmoja mwambie, "Mama, likizo imekwisha." Utaona.

Nikuonye na hili. Utakapoanza kusema, utapata kishawishi cha kuinogesha hadithi. Mtu atakuuliza, "Kongo hukufika?" na ulimi utataka kusema nilifika, na lile lori litataka kugeuka bomu. Usithubutu. Mtaani kwetu wamejaa wastaafu wa jeshi. Kambi ya JKT Ruvu iko pale Mlandizi, kiwanda cha jeshi cha Nyumbu kiko hapa hapa Kibaha, na kila mtaa una afande mmoja anayekunywa kahawa kimya akiwasikiliza watu wanavyojisifu. Yeye kwa swali moja tu atajua. Lori lako linatosha jinsi lilivyo.

Sasa ile picha. Itoe sandukani. Najua mtu akishavua sare anaona kama hana haki hata ya kutazama picha yake. Kombati yenyewe ni kweli huna ruhusa ya kuivaa, na sheria haina mchezo na hilo. Mwezi Agosti 2023 jeshi liliwapa raia siku saba wasalimishe sare na mavazi yanayofanana nazo. Kwa hiyo usibakize fulana wala kofia ya kombati kwa ajili ya kumbukumbu, na ndugu yako akikuomba ile suruali yenye mifuko mingi ya kuendea shamba, mwambie hakuna. Lakini picha haihusiki na hayo. Picha ni yako. Peleka kwa fundi pale Maili Moja akutengenezee fremu yenye kioo, uitundike sebuleni, mahali mgeni akikaa anaiona bila kugeuza shingo. Usiitundike chumbani kwako, huko ni sanduku jingine tu lenye mlango.

Cheti chako cha kumaliza utumishi kitoe nakala, na nakala ndiyo utembee nayo. Kile chenyewe kiweke kwenye bahasha ngumu. Tafadhali usikitie gundi wala selotepu, nimeona vyeti vilivyobanduka mhuri. Karatasi zote za hospitali na ile ya bodi ziweke pamoja nacho.

Kuhusu nishani, sitakudanganya kwamba haiumi. Ya utumishi mrefu inaitwa hivyo kwa sababu ni mrefu, na wewe njia yako imekatwa. Wenzako wa Afrika ya Kati watarudi na ya Umoja wa Mataifa, ambayo walinda amani hupewa baada ya siku 90 za kutumikia misheni. Wewe utabaki na kovu la upasuaji ambalo haliwezi kubandikwa kifuani. Linauma, na una haki ya kulia. Lia, kisha osha uso. Nchi haina nishani za kumtosha kila aliyeitumikia. Hata mgambo wengi wa 1979 walirudi mikono mitupu, na hakuna anayesema hawakwenda.

Na zile status? Zizime kwa muda. Simu yako inaruhusu kuficha za mtu bila yeye kujua, hutakuwa umemkosea mtu. Lakini usiwafiche wenyewe. Mtumie mmoja ujumbe, yule mliyekuwa mnalala naye kitanda cha juu na cha chini, umwambie unavyoendelea. Nina hakika nao wanajiuliza waanzie wapi. Wanaona wakikupigia watakuumiza, wewe unaona wamekusahau, na miaka inakwenda hivyo. Halafu ujue kwamba wivu unaousikia ukiziona bereti za bluu hautoki kwenye roho mbaya. Ni kwamba ile kazi uliipenda. Asiyeipenda angeshukuru kuwa nyumbani.

Kama kuna usiku lori linapinduka tena ukiwa umelala, ukaamka umelowa jasho, au unakaa siku nzima hutaki kusemeshwa, au unajiuliza bora usingeamka, hapo usiishie kwenye barua ya dada. Nenda hospitali ya Tumbi, uwaambie hivyo hivyo ulivyo bila kupamba. Mgongo ulipelekwa kwa daktari, na kichwa nacho kinapelekwa kwa daktari. Makuruta wenzako wa zamani wangekuambia "jikaze", wewe umeshajikaza vya kutosha.

Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa. Siku hiyo kwenye mnara wa mashujaa Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na wazee waliopigana vita nao pia huwa na nafasi yao kwenye mstari huo. Mwaka huu washa redio au televisheni, mkae na mama mtazame mwanzo mpaka mwisho. Na Septemba mosi, siku ambayo jeshi letu lilizaliwa mwaka 1964, vaa nguo yako nzuri hata kama huendi popote. Wapo pia wastaafu wenzako, na upo muungano wao, MUWAWATA. Ulizia wenye kuhusika nao Kibaha. Wengi watakuwa wazee, utakuwa binti pekee katika kikao, na watakutuma chai. Kubali chai ya kwanza. Ya pili waambie mgongo.

Fedha nitapita haraka, maana hujaniuliza na najua Watanzania hatupendi kuulizwa mshahara. Mafao ya wanajeshi hulipwa na Hazina. Kama kuna kitu hukielewi katika hesabu zako, anzia kwenye kikosi chako cha mwisho, uende na faili lote. Ukiitwa kwenye uhakiki wa wastaafu, nenda, hata kama foleni ni ndefu, na uombe kiti. Na yeyote atakayekupigia simu akitaja jina lako kamili na namba yako ya jeshi, akasema ana mtu wake ndani wa kuharakisha malipo ila utume kidogo kwanza, huyo ni kishoka. Kata simu. Vishoka wanawapenda waliostaafishwa mapema kwa sababu wanajua wengi wenu mnaona aibu kuuliza.

Limebaki la kazi ya ulinzi. Hapana, mdogo wangu, usiombe.

Wanaokushauri wanakupenda, lakini wameona buti wakasahau mgongo. Kampuni za ulinzi zinafurahia watu waliopita JKT na jeshini, SUMA JKT ikiwa mojawapo, na kwa mzima ni kazi ya heshima. Wewe utasimama getini kwa muda wa saa kumi na mbili, usiku, kwenye unyevu, na baada ya miezi sita utarudi kwenye kitanda kile kile cha hospitali, safari hii bila jeshi la kukutibu. Bodi ya madaktari haikukaa bure.

Tazama barua yako mwenyewe, mstari wa "kazi nyepesi za ofisini". Umeiandika kama adhabu. Ulifanya nini humo? Kama uliandika daftari la kupokea na kutoa vifaa, wewe ni karani wa stoo. Kama ulipanga zamu za madereva na mafuta ya magari, hapo Misugusugu umezungukwa na yadi za malori zenye wenye mali wanaolia kila siku kuhusu mafuta yanayoibwa na tairi zinazobadilishwa njiani. Mtu mwenye nidhamu ya kuhesabu tairi moja moja na kutia sahihi ndiye wanayemtafuta, na kazi hiyo inafanywa umekaa, unanyanyuka unapotaka. Tena Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Najua hilo neno hulitaki bado. Hulazimiki kulipenda ili ulitumie.

Ukipita Mkuza utaona shule za Filbert Bayi. Huyo alikuwa mwanajeshi, na Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, aliivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500. Watoto wanaovaa sare za shule ile leo hawakuzaliwa wakati anakimbia, na pengine hawajui cheo chake jeshini. Wanajua shule. Sisemi ujenge shule. Nasema mtu akivua kombati bado ana miaka mingi ya kufanya mambo ambayo hayahitaji kombati, na wewe hata thelathini naona hujafika.

Kwa hiyo andika wasifu wako upya. Juu, penye uzoefu wa kazi, weka Jeshi la Wananchi wa Tanzania, mwaka ulioingia na mwaka uliotoka, na chini yake zile kazi za ofisini moja moja kwa maneno ya kawaida ambayo mwenye yadi atayaelewa. Penye sababu ya kuacha kazi, andika "kustaafu kwa sababu za kiafya", wala usiache wazi, maana nafasi iliyo wazi ndiyo inayozua maswali. Eleza pia usichoweza, kuinua vitu vizito na kusimama muda mrefu, ili asije mtu akakukabidhi magunia siku ya kwanza. Mdhamini weka yule afande uliyekuwa chini yake ofisini. Mpigie kwanza umwombe ruhusa, asije akashtukizwa na simu ya watu asiowajua, na ukishampata hewani usikate haraka. Mpe salamu, mwambie uko Misugusugu na unatafuta kazi ya stoo, kisha muulize na wengine wa lori lile wanaendeleaje.